Mguu wa Jordan Travis na Watu 13 wa Kamati

Wadau, leo naomba mnivumilie kidogo. Najua wengi wenu mkisikia neno futiboli akili inakwenda moja kwa moja kwenye soka, na ile futiboli ya Wamarekani mnaiona kama vurugu tu ya mijitu iliyovaa kofia ngumu inagongana kama daladala saa ya jioni. Sawa, siwalaumu. Lakini kuna jambo lilitokea kwenye futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani Desemba 2023 ambalo kila nikilifikiria nazidi kuona ni dhuluma, tena dhuluma inayoeleweka hata kwa mtu asiyejua sheria moja ya mchezo wenyewe.

Timu ilicheza mechi 13. Ikashinda zote 13. Ikatwaa ubingwa wa ligi yake. Halafu kamati ya watu 13 ikakaa hotelini huko Grapevine, Texas, ikasema hapana, nyie nusu fainali ya taifa hamuingii. Sababu? Mchezaji wenu mmoja kavunjika mguu.

Sitanii. Timu hiyo ni Florida State na mchezaji ni Jordan Travis.

Kwa faida ya wageni wa mchezo huu, ngoja nieleze kidogo. Vyuo vinavyocheza daraja la juu Marekani ni zaidi ya 130, na kila kimoja kinacheza mechi kama 12 tu kwa msimu, kwa hiyo haiwezekani wote wakakutana. Hakuna msimamo mmoja wa ligi kama tuliouzoea kwenye soka. Ndiyo maana kuanzia msimu wa 2014 hadi ule wa 2023 kulikuwa na kamati ya uteuzi inayochagua timu nne za kugombea ubingwa wa taifa. Na msidhani ni michezo ya wanafunzi ya kujifurahisha Jumamosi. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaingiza watu zaidi ya 107,000. Tarehe 12 Novemba 2023, Texas A&M walimfukuza kocha wao Jimbo Fisher wakijua kabisa kwamba kuvunja mkataba wake kutawagharimu zaidi ya dola milioni 75. Yaani pesa ya kumwambia mtu aende nyumbani!

Siku sita baadaye Travis akavunjika.

Travis alikuwa kwotabaki. Huyu ndiye mtu anayepokea mpira karibu kila shambulizi linapoanza, anasoma mabeki wamejipangaje, na ndani ya sekunde mbili tatu anaamua: arushe, ampe mwenzake akimbie nao, au akimbie mwenyewe. Mchukue kiungo mchezeshaji, nahodha na kocha msaidizi, uwaunganishe kwenye mwili mmoja, umempata kwotabaki. Tarehe 18 Novemba 2023 Florida State walikuwa nyumbani Tallahassee, hawajafungwa msimu mzima, wanacheza na North Alabama, timu ndogo ambayo kila mtu alijua itachapwa. Na ilichapwa, 58 kwa 13. Lakini katika robo ya kwanza Travis alikimbia na mpira, akavutwa chini, mguu wa kushoto ukakunjwa vibaya. Msimu wake ukaishia pale.

Wiki iliyofuata wakaenda kwa mahasimu wao Florida, akasimama kwotabaki wa akiba Tate Rodemaker. Wakashinda 24 kwa 15. Rodemaker naye akapata mtikisiko wa ubongo kwenye mechi hiyo hiyo. Fainali ya ligi yao, ACC, ikachezwa tarehe 2 Desemba dhidi ya Louisville (chuo alikoanzia Travis mwenyewe kabla ya kuhamia Tallahassee), na safari hii aliyeanza ni Brock Glenn, kijana wa mwaka wa kwanza, chaguo la tatu. Wakashinda 16 kwa 6. Mechi ilikuwa mbaya kuitazama, nakiri hilo. Ila Louisville hawakupata hata tachidauni moja. Ukuta wa Florida State ulisema hivi: kama leo hatuna mtu wa kufunga, basi na nyie hamfungi.

Kesho yake kamati ikatangaza: Michigan, Washington, Texas, na wa nne Alabama, ambao walikuwa wamefungwa na Texas 34 kwa 24 mwezi Septemba, tena nyumbani kwao. Florida State wa tano. Tangu mfumo wa timu nne uanze, hapakuwahi kuwa na bingwa wa moja ya zile ligi tano kubwa asiyefungwa hata mechi moja akaachwa nje. Mwenyekiti wa kamati, Boo Corrigan, hakuzunguka mbuyu. Alisema bila Travis hii si timu ile ile. Na kanuni zao kweli ziliruhusu: kamati ilipewa uwezo wa kuangalia kukosekana kwa mchezaji muhimu au kocha na jinsi jambo hilo litakavyoiathiri timu mbele ya safari.

Hapo kwenye "mbele ya safari" ndipo ninapogombana nao.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kuumia kwa mchezaji muhimu hakuiharibu timu. Kunaharibu sana, na mifano ipo. Novemba 2007 Oregon walikuwa nafasi ya pili kwa ubora nchi nzima, wana kwotabaki anaitwa Dennis Dixon ambaye watu walishaanza kumtaja kwa tuzo ya mchezaji bora. Aliumia goti mwanzoni mwa mwezi dhidi ya Arizona State, akaendelea kucheza nalo. Tarehe 15 Novemba, ugenini kwa Arizona, goti likakataa kabisa. Oregon wakafungwa 34 kwa 24. Mechi iliyofuata wakafungwa na UCLA 16 kwa 0, yaani timu iliyokuwa inafunga kama mvua ya masika haikupata hata pointi moja. Kisha wakafungwa na jirani zao Oregon State muda wa nyongeza. Mechi tatu mfululizo, ndoto ya ubingwa ikayeyuka.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana wengi wakisimulia habari ya Dixon huwa wanaishia hapo. Oregon wakapata wiki kadhaa za mazoezi kabla ya mechi yao ya mwisho, Sun Bowl. Wakampanga kijana wa mwaka wa kwanza, Justin Roper, na wakawapiga South Florida 56 kwa 21. Wachezaji ni wale wale. Tofauti ni kwamba makocha walipata muda wa kuushona upya mfumo mzima umkae kijana mpya, badala ya kumvisha suti ya Dixon iliyokuwa inampwaya.

Hili watu wa kamati walilijua. Wanatoka kwenye mchezo huu, kuna waliowahi kuwa makocha. Na kutoka siku waliyotangaza majina hadi siku ya nusu fainali kulikuwa na karibu mwezi mzima. Timu iliyotoka kushinda na chaguo la tatu ingepata wiki nne za kujipanga, na Rodemaker angekuwa na muda wa kupona. Kamati iliangalia mechi ya tarehe 2 Desemba ikaichukulia kuwa ndiyo picha ya tarehe 1 Januari.

Tena ni kamati ambayo yenyewe ilianza maisha yake na mfano wa Ohio State! Mwaka 2014, mwaka wa kwanza kabisa wa mfumo huo, Ohio State walimpoteza kwotabaki wao Braxton Miller mwezi Agosti, bega, kabla hata msimu haujaanza. Akaingia J.T. Barrett, mechi ya pili wakafungwa na Virginia Tech nyumbani, 35 kwa 21, watu wakasema basi tena. Barrett akakomaa, akaanza kuvunja rekodi, timu ikapanda. Tarehe 29 Novemba, dhidi ya Michigan, Barrett akavunjika kifundo cha mguu. Wa tatu akaitwa Cardale Jones, jitu refu lenye mkono kama manati ambalo lilikuwa halijawahi kuanza mechi hata moja chuoni. Mechi yake ya kwanza kuanza ikawa fainali ya ligi dhidi ya Wisconsin. Wakashinda 59 kwa 0.

Kamati ikawaingiza, nafasi ya nne. Jones akawapiga Alabama 42 kwa 35, kisha Oregon 42 kwa 20 tarehe 12 Januari 2015. Bingwa wa taifa, na kwotabaki aliyeanza mechi tatu tu maishani mwake.

Kwa hiyo mwaka 2014 chaguo la tatu aliruhusiwa, mwaka 2023 chaguo la tatu akakataliwa. Wote wawili walishinda fainali ya ligi yao. Tofauti ni kwamba mmoja alishinda kwa kuvutia na mwingine akashinda kwa kukaba. Huo si uamuzi juu ya majeraha, wadau. Ni uamuzi juu ya urembo, uliovishwa nguo za kitabibu.

Kuna kitu kingine kimebadilika kati ya miaka hiyo miwili. Ohio State ya 2014 iliweza kuwa na makwotabaki watatu wa kiwango kile kwa sababu wakati huo mchezaji akihama chuo kimoja cha daraja la juu kwenda kingine, kwa kawaida alikaa nje mwaka mzima bila kucheza. Basi vijana walivumilia benchi, wakisubiri zamu. Kuanzia 2021 mchezaji akaruhusiwa kuhama mara moja na kucheza papo hapo, na 2024 hata hiyo mara moja ikaondolewa, ahame anavyotaka ilimradi masomo yake yako sawa. Mimi naunga mkono, kocha anahama kila anapopandiwa dau, kwa nini kijana afungwe kamba? Lakini matokeo yake ni kwamba mtu wa aina ya Cardale Jones leo hakai chaguo la tatu. Anaenda mahali atakapoanza. Mguu ukivunjika sasa, nyuma yake mara nyingi kuna mtoto wa mwaka wa kwanza. Rodemaker mwenyewe alijiandikisha kuhama Desemba ile ile ya 2023 na msimu uliofuata alikuwa Southern Miss.

Najua kuna mdau mpenda ubishi ameshakunja ngumi. Atasema: wewe mwandishi, mbona hutaji Orange Bowl? Haya, naitaja. Tarehe 30 Desemba 2023 Florida State walicheza na Georgia wakafungwa 63 kwa 3. Sitini na tatu kwa tatu! Watu wakashangilia, eti kamati ilikuwa sahihi.

Jamani. Zaidi ya wachezaji 20 wa Florida State hawakucheza siku ile. Wengine walishahama, wengine walijitoa kujiandaa na NFL, Rodemaker hakuwepo. Na kwa nini wajitoe? Kwa sababu mechi ile haikuwa na maana yoyote tena kwao. Wachezaji wa Marekani walijifunza jambo tarehe 1 Januari 2016, pale Jaylon Smith wa Notre Dame, aliyekuwa akitarajiwa kuchukuliwa miongoni mwa wa kwanza kabisa na timu za NFL, alipochanika kano za goti katika Fiesta Bowl, mechi isiyokuwa na ubingwa ndani yake. Akaporomoka hadi nafasi ya 34 na mwaka wake wote wa kwanza wa kulipwa hakucheza. Mwisho wa mwaka huo huo, Leonard Fournette na Christian McCaffrey wakasema sisi mechi zetu za mwisho hatuchezi. Tangu hapo ndiyo ikawa mtindo. Kwa hiyo usinipe 63 kwa 3 kama ushahidi kwamba timu ilikuwa dhaifu. Yale yalikuwa matokeo ya uamuzi wa kamati. Unawanyang'anya watu sababu ya kucheza, halafu unacheka kwamba hawakucheza.

Mfumo wa timu 12 ulioanza 2024 umepunguza tatizo hili. Desemba 2024 Georgia walimpoteza Carson Beck, kiwiko, katikati ya fainali ya ligi yao ya SEC. Akaingia Gunner Stockton, wakawafunga Texas 22 kwa 19 muda wa nyongeza, na kamati ikawaweka nafasi ya pili kwenye mchujo bila kelele. Wakatolewa na Notre Dame 23 kwa 10. Uwanjani. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Jeraha limekugharimu, sawa, lakini limekugharimu mbele ya mpinzani mwenye jezi, siyo mbele ya watu waliokaa mezani wanakunywa kahawa.

Ila kuna la zaidi kwenye ile kauli ya Corrigan, na hili ndilo lililonifanya niandike leo.

Kamati ilisema kijana mmoja ni wa thamani kiasi kwamba asipokuwepo, ushindi wa mechi 13 hautoshi. Na thamani hiyo ilikuwa na bei: kwa mfumo wa wakati huo ligi ililipwa dola milioni 6 kwa kila timu yake iliyoingia nusu fainali. Sasa rudini nyuma hadi mwaka 1955. Kijana anaitwa Ray Dennison, mchezaji wa chuo cha Fort Lewis A&M huko Colorado, aliumia kichwa kwenye mechi akafariki. Mjane wake akaomba fidia ya wafanyakazi kama mjane wa fundi yeyote aliyefia kazini. Mwaka 1957 Mahakama Kuu ya jimbo ikamkatalia. Hoja yao ilikuwa kwamba chuo hakiko kwenye biashara ya futiboli na hakipati faida kutokana na mchezo huo. Ni miaka hiyo hiyo ndipo chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kikaanza kusambaza lile neno la "mwanafunzi-mwanamichezo". Walter Byers, aliyekiongoza chama hicho wakati huo, aliandika mwenyewe kwenye kitabu chake cha 1995 kwamba neno lilibuniwa kukwepa madai ya fidia.

Kent Waldrep wa TCU alipooza akicheza dhidi ya Alabama mwaka 1974. Kesi yake ya fidia iliisha mwaka 2000 mahakamani Texas. Akashindwa. Hakuwa mfanyakazi, walisema.

Kwa hiyo mnaona mchezo ulivyo. Mguu wa mchezaji ukivunjika na kuna fidia ya kulipwa, yeye ni mwanafunzi tu anayecheza baada ya darasa, chuo hakimtegemei. Mguu ukivunjika na kuna nafasi ya nusu fainali ya kugawa, ghafla yeye ndiye timu nzima, bila yeye hakuna kitu. Chagueni moja. Haiwezekani mguu ule ule uwe hauna thamani ofisini kwa mwanasheria halafu uwe na thamani ya mamilioni ofisini kwa kamati.

Travis mwenyewe, siku ile ya tangazo, aliandika mtandaoni kwamba anatamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi katika msimu, ili watu waone kuwa timu yao ni zaidi ya kwotabaki. Kijana wa miaka 23, kavunjika mguu, anajilaumu kwamba amevunjika tarehe mbaya. Sisi waandishi wa michezo tuna mazoea ya kuandika "pengo" kila mchezaji akiumia, pengo hili pengo lile, kana kwamba aliyeumia ni timu na yeye ni tundu tu lililobaki ukutani.

Aprili 2024 New York Jets walimchagua raundi ya tano. Hakucheza hata mechi moja ya NFL, mguu ulikataa kupona inavyotakiwa. Mwisho wa Aprili 2025, siku chache kabla ya kutimiza miaka 25, alitangaza kustaafu kwa ushauri wa madaktari. Kati ya hapo, Agosti 2024, NCAA ilianzisha bima ya matibabu inayomfuata mchezaji hadi miaka miwili baada ya kumaliza chuo, kwa majeraha aliyoyapata akicheza. Na Juni 2025 jaji aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ambayo yaliruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Fedha nyingi, na zimechelewa sana. Lakini makubaliano hayo hayo hayakuwatamka wachezaji kuwa wafanyakazi. Mlango ule aliougonga mjane wa Dennison, House haikuugusa.